Binti yangu amepata ulemavu kwa ajali ya gari: tusaini malipo ya bima?

Swali: Mimi ni mama wa binti wa miaka minane. Mwaka jana aligongwa na gari akivuka barabara akitoka shule. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti, na aliumia kichwa akazimia siku nne. Sasa amerudi darasani na anatumia mguu bandia. Kampuni ya bima ya gari lile imemtuma mtu nyumbani: watalipa bili zote za hospitali na kiasi kingine cha kutufariji, mradi tusaini ndani ya wiki mbili. Tulipouliza kuhusu maisha yake ya baadaye, tuliambiwa mtoto hana kazi, kwa hiyo hakuna kipato kilichopotea. Tuliambiwa pia kwamba alikimbia barabarani na kwamba mimi sikuwa naye. Baba yake anaona bora tusaini kwa sababu madeni yametubana. Tufanyeje?

Jibu: Mama, pole sana. Nakuomba umsomee na baba yake jibu hili, kwa maana hofu yake ya madeni ni ya kweli na nitaijibu pia. La kwanza kabisa ni hili: msisaini karatasi hiyo. Simaanishi kwamba kiasi ni kidogo, maana hukunitajia kiasi. Hata kingekuwa kikubwa mara tano, ningekujibu vilevile, kwa sababu leo hii hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia ulemavu wa binti yako utagharimu nini. Daktari wake hajui, na aliyekuja nyumbani kwako na kalamu hajui. Anachojua ni kwamba ukisaini sasa, hatari yote ya kutojua inahama kutoka kwenye kampuni yake na kuingia nyumbani kwako.

Itazame karatasi yenyewe. Karibu kila mara ndani yake huwa na sentensi inayosema kwamba malipo ni kamili na ya mwisho, na kwamba mnaachilia madai yote yatokanayo na ajali, yanayojulikana na yasiyojulikana. Hayo maneno "yasiyojulikana" ndiyo yanayonunuliwa. Fidia ya madhara ya mwili kwa kawaida hudaiwa mara moja tu. Mtu mzima aliyevunjika mguu, mwaka mmoja baadaye hali yake imeshatulia na daktari anaweza kusema atabaki vipi. Mtoto bado anakua, na jeraha lake linakua pamoja naye.

Anza na mguu. Mfupa uliokatwa katikati ya urefu wake, kwa mtoto, mara nyingi huendelea kuota kwa ncha na kuisukuma ngozi ya kigutu kutoka ndani. Ngozi inauma, inachubuka, wakati mwingine inatoboka, na hapo mtoto hurudi chumba cha upasuaji ili mfupa upunguzwe. Kwa baadhi ya watoto hilo hutokea zaidi ya mara moja kabla hawajamaliza kukua. Mguu bandia nao haukui. Mwongozo ambao wataalamu wa viungo bandia wameutumia kwa miaka mingi unakadiria kuubadilisha kila mwaka mpaka umri wa miaka mitano hivi, kila miaka miwili mpaka kama 12, halafu kila miaka mitatu au minne mpaka 21. Kwa binti wa miaka minane hiyo ni miguu mitano kabla ya utu uzima, bila kuhesabu matengenezo, soketi mpya (kile kikombe cha mguu bandia kinachovaliwa kwenye kigutu) kila kigutu kinapobadilika umbo, na mazoezi ya viungo. Baada ya hapo yapo maisha yote ya mtu mzima, na mguu bandia wa mtu mzima nao huchakaa. Je, ofa mliyoletewa imehesabu miguu mingapi? Waulize, kwa maandishi. Jibu lao litakuonyesha kama walifanya hesabu yoyote.

Ila ukiniuliza kinachoninyima usingizi katika barua yako, si mguu. Ni zile siku nne za kuzimia. Kuzimia kwa muda huo baada ya kugongwa kichwa huhesabiwa kuwa jeraha kubwa la ubongo, hata kama leo anaongea vizuri, anacheka, na anakumbuka majina ya wenzake wote. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupanga, kujizuia, kushika mambo mawili kwa wakati mmoja na kupima matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukomaa mpaka miaka ya 20 na kitu. Ikiumia utotoni, pengo halionekani mara moja, kwa sababu hakuna anayemdai mtoto wa miaka minane kazi hiyo. Huonekana anapofika madarasa ya juu, masomo yanapokuwa mengi na hakuna tena wa kumshika mkono: hamalizi anachoanza, anakasirika kwa jambo dogo, anachoka kupita kiasi, marafiki wanapungua. Wakati huo walimu watamwita mvivu, wengine wataita ujeuri wa ujana. Kifafa nacho kinaweza kuanza miaka kadhaa baada ya jeraha la kichwa.

Nimewahi kushika faili la kijana aliyegongwa akiwa na miaka sita. Wazazi wake walikuwa watu makini. Walisaini baada ya miezi kumi kwa sababu mtoto alikuwa anakimbia uwanjani kama wenzake. Walirudi kwangu akiwa na miaka 16, ameshaacha shule, na vipimo vikaonyesha wazi chanzo ni nini. Karatasi waliyosaini ilikuwa na ile sentensi. Tulihangaika nayo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tangu siku hiyo, mtoto akija na jeraha la kichwa, sizungumzi habari ya kufunga madai mpaka mtaalamu wa saikolojia ya ubongo amempima zaidi ya mara moja, vipimo vikiwa vimeachana miaka.

Kwa hiyo kusanya ushahidi wa alivyokuwa kabla. Wazazi wengi hulisahau hili, wakishughulika na picha za eksirei tu. Tafuta madaftari yake ya mwaka kabla ya ajali, ripoti za shule, hata michoro yake. Mwombe mwalimu wake wa wakati huo aandike ukurasa mmoja kumhusu: alikuwa anasomaje, anakaaje na wenzake. Walimu huhama na madaftari huwashiwa moto. Kama ana kaka au dada, ripoti zao nazo ziwekwe, kwa sababu mahakama ikitaka kukisia mtoto angefika wapi, huangalia wa nyumbani kwake wamefika wapi.

Sasa ile hoja kwamba mtoto hana kazi. Ni hoja ya zamani, na mahakama za nchi nyingi zimeikataa. Kinachofidiwa si mshahara wa mtoto wa miaka minane. Kinachofidiwa ni uwezo wa kujipatia riziki ambao angekuwa nao akiwa mtu mzima, na ambao ajali imeupunguza au kuuondoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya India ilisikiliza rufaa ya msichana aliyegongwa akiwa na miaka 12, akabaki na ulemavu wa asilimia 100. Ngazi za chini zilikuwa zimekadiria kipato chake kwa kiwango kidogo cha kubuni, eti kwa sababu alikuwa mtoto. Mahakama ya Juu ikakataa. Ikachukua kima cha chini cha mshahara wa fundi mwenye ujuzi, ikaongeza asilimia 40 kwa matarajio ya kupanda kwa kipato, kisha ikazidisha kipato hicho cha mwaka kwa 18, namba ya miaka inayotumika katika hesabu za fidia. Gharama za wahudumu wake ikazihesabu kwa njia hiyohiyo badala ya kutoa kiasi cha kukisia. Jumla ilizidi mara mbili ya kile kilichotolewa na Mahakama Kuu chini yake.

Na kwa kuwa huyu ni binti, jihadhari na hoja ndugu ya hiyo: kwamba wasichana wa ukoo wenu au wa eneo lenu huolewa na hawafanyi kazi ya mshahara, hivyo kipato chake kingekuwa kidogo. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Israeli ilikutana na hoja ya aina hiyo katika madai ya mtoto wa kike aliyeumia kwenye ajali ya barabarani akiwa na miezi mitano, kutoka jamii ambamo wanawake wachache waliajiriwa. Mahakama ikasema mtoto ambaye njia yake ya maisha haijaanza kuonekana ahesabiwe kwa wastani wa mshahara wa taifa zima, bila kujali jinsia wala asili yake. Hukumu ya nchi moja hailazimishi mahakama ya nchi nyingine, lakini wakili mzuri huiweka mezani, na hakimu anayetafuta njia ya haki huisoma. Mimi naamini kabisa kwamba kumkadiria mtoto chini kwa sababu wazazi wake ni maskini au kwa sababu ni wa kike ni kumgonga mara ya pili.

Kuhusu kukimbia barabarani. Sheria ya kawaida husema aliyeumia akichangia ajali kwa uzembe wake, fidia hupunguzwa kwa kiasi cha mchango wake. Kwa watoto, kanuni hiyo ina mipaka, na kila nchi imeichora kwa namna yake. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985, aliyeumizwa na gari akiwa na umri chini ya miaka 16, na hakuwa dereva, hulipwa madhara ya mwili wake hata kama alikosea, isipokuwa tu kama alijitakia madhara hayo kwa makusudi. Ujerumani ilibadilisha sheria yake ya kiraia mwaka 2002, na tangu hapo mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi habebeshwi lawama ya ajali aliyoipata na gari bila kukusudia. Sababu iliyotolewa ni ya kibinadamu na ya kisayansi pia: mtoto wa umri huo hawezi kupima vizuri umbali na mwendo wa gari linalokuja, na akishaanza kukimbia kuelekea anachokitaka, kujizuia ni kazi kubwa kwake. Uingereza haina umri maalumu. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa ilishughulikia ajali ya msichana wa miaka 13 na nusu ambaye dereva wa lori alisimama na kumpungia mkono avuke pamoja na ndugu zake, kisha gari dogo likapita pembeni ya lori na kumgonga. Jaji wa kwanza alimpa theluthi ya lawama kwa kutochungulia. Mahakama ya Rufaa ikamfutia lawama yote, kwa sababu mtoto wa kawaida wa umri wake angemwamini dereva.

Binti yako alikuwa na miaka saba au minane, akitoka shule. Swali la kuuliza si kama alikimbia. Ni nini dereva alipaswa kutarajia akipita karibu na shule saa watoto wanapotoka. Dereva anayeona watoto pembeni mwa barabara anatakiwa kuendesha kama mtu anayejua kwamba mmoja wao anaweza kuchomoka. Tafuteni basi mambo haya mapema: mchoro wa polisi wa eneo la ajali, alama za breki, kama palikuwa na kibao cha shule au kivuko, na majina ya walioshuhudia. Kama dereva alishtakiwa na kutiwa hatiani, hukumu hiyo ni nguzo kubwa kwenye madai yenu. Kama aliachiwa, msikate tamaa: kesi ya jinai hutaka uthibitisho usio na mashaka, ya madai huangalia tu upande gani una uzito zaidi.

Na lile la kwamba wewe hukuwa naye. Najua lilivyokuchoma, barua yako nzima imelizunguka. Nikueleze lilivyo kisheria. Uzembe wa mzazi, hata ukithibitishwa, kwa kawaida haumpunguzii mtoto haki yake dhidi ya dereva. Uingereza jambo hilo liliamuliwa zamani, mwaka 1933, katika kesi ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa ameshikwa mkono na babu yake barabarani. Basi lilipowakaribia babu akashtuka na kumwachia, mtoto akagongwa. Mahakama ikasema kosa la babu si kosa la mtoto. Kinachoweza kutokea ni kampuni ya bima kukuunganisha wewe kwenye kesi, ikidai uchangie sehemu ya malipo. Mara nyingi hilo hutajwa ili kutisha, na ni vigumu kulishinda dhidi ya mzazi ambaye mtoto wake alikuwa akirudi shule kama watoto wote. Hata hivyo, kwa sababu linaweza kutajwa, usiandike wala kusema lolote mbele ya mtu wa bima kuhusu ulikuwa wapi siku hiyo. Mazungumzo ya sebuleni, chai ikiwa mezani, yanaweza kugeuka kuwa maelezo kwenye faili lao.

Sasa madeni. Baba wa mtoto, nakujibu wewe hapa. Huna haja ya kuchagua kati ya kusaini kila kitu na kubaki bila kitu. Omba malipo ya awali: kampuni inalipa sehemu sasa, kwa ajili ya bili za hospitali na mguu bandia, na kiasi hicho kitakatwa kwenye jumla ya mwisho. Pale ambapo kosa la dereva halina ubishi, nchi nyingi huruhusu mahakama kuamuru malipo hayo hata kampuni ikikataa. Sheria ile ya Ufaransa ya 1985 imelifanya liwe wajibu: bima lazima itoe ofa ndani ya miezi minane tangu ajali, na kama hali ya majeruhi haijatulia, ofa hiyo huwa ya muda tu. Ofa ya mwisho hufuata ndani ya miezi mitano baada ya kampuni kuarifiwa kwamba hali imetulia. Kwa hiyo wakikuambia kwamba haiwezekani kulipa bila saini ya mwisho, hiyo ni sera yao, si amri ya maumbile.

Kuna gharama moja ambayo naona hukuitaja kabisa, mama, na karibu akina mama wote huiacha: kazi yako. Unamvalisha, unamsafishia kigutu, unampeleka mazoezini, unaamka usiku. Pengine umeacha kazi au umefunga biashara. Mahakama nyingi huhesabu uangalizi huo kuwa hasara inayofidiwa, hata kama hakuna aliyekulipa. Mahakama Kuu ya Australia ilisema hivyo mwaka 1977: kinachofidiwa ni hitaji la majeruhi, na hitaji halifutiki kwa sababu mama analitimiza bure. Uingereza mwaka 1994 ilifika mahali tofauti kidogo: mtoto anadai, lakini fedha hiyo anaishika kwa niaba ya yule anayemhudumia. Vyovyote iwavyo kwenu, haihesabiwi isipoonekana. Nunua daftari. Kila jioni andika saa ulizotumia na ulichofanya, hata mistari miwili. Andika na siku ambazo aliamka vizuri, kwa sababu daftari lenye shida tupu huaminiwa kidogo. Weka risiti zote, za nauli pia.

Muda wa kufungua shauri upo, lakini kwa kawaida sheria humvumilia mtoto. Uingereza, kwa mfano, ile miaka mitatu ya madai ya majeraha haianzi kuhesabiwa mpaka atimize miaka 18, na nchi nyingi zina kanuni inayofanana. Msitulie hata hivyo. Madai ya wazazi wenyewe, kama bili mlizolipa, yanaweza kuwa na muda wa kawaida usiomsubiri mtoto. Notisi kwa kampuni ya bima mara nyingi ina siku zake, na mifuko inayolipa pale gari linapokimbia au lisipokuwa na bima huwa na masharti makali ya muda. Kusubiri kufunga madai ni busara; kusubiri kuyafungua ni hatari. Fungueni mapema, fungeni mkiwa tayari.

Kabla ya kufika kwenye kiasi, elewa hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayoamua ukubwa wa fidia kuliko hotuba ya wakili yeyote. Tuseme mahitaji ya mtoto ni 100 kwa mwaka, kwa miaka 60. Ungedhani jibu ni 6,000. Lakini fedha hulipwa leo, na sheria hudhani zitawekezwa na kuzaa faida, kwa hiyo hupunguzwa kwa asilimia fulani. Ukidhani faida halisi, juu ya mfumuko wa bei, ni asilimia 5 kwa mwaka, jibu linashuka mpaka kama 1,890. Kwa asilimia 2.5 ni kama 3,090. Kwa nusu asilimia ni kama 5,170. Uingereza ilitumia asilimia 2.5 tangu 2001, kisha mwaka 2017 ikakubali kwamba uwekezaji salama ulikuwa unarudisha chini ya mfumuko wa bei, ikashusha mpaka hasi 0.75; kwa kiwango hicho jibu letu linapanda mpaka kama 7,600. Mwaka 2025 ikaweka nusu asilimia. Mtoto ni yuleyule, mguu ni uleule, na jumla imezidi maradufu kwa sababu ya namba moja tu ambayo familia nyingi hazijawahi kuisikia. Ukikaa na wakili, muulize kiwango gani kimetumika na kwa nini.

Ipo pia njia ya kukwepa ubashiri huo. Kwa ulemavu mkubwa wa maisha, malipo yanaweza kupangwa yawe ya kila mwaka, yakipanda pamoja na gharama, mpaka mwisho wa maisha yake. Sheria ya kiraia ya Ujerumani imeyachukulia malipo ya aina hiyo kuwa kanuni tangu mwanzo wake, na Uingereza iliwapa majaji nguvu ya kuyaamuru kuanzia Aprili 2005. Kwa hatari maalumu kama kifafa, Uingereza tangu 1985 inaruhusu hukumu ya muda: mtoto analipwa sasa kwa kudhani hatapata kifafa, na akikipata anarudi mahakamani. Ulizeni kama kwenu lipo jambo la namna hiyo. Kwa jeraha la kichwa la binti yako, ningelipigania kabla ya kitu kingine chochote. Na yapo maeneo yaliyochagua njia tofauti kabisa: New Zealand tangu mwaka 1974 hamna kesi ya kumdai dereva fidia ya jeraha, mfuko wa taifa humhudumia aliyeumia bila kuuliza nani alikosea, na aliyeumia utotoni anaweza kulipwa kwa kipato ambacho angekuja kukipata.

Fedha hizi ni za nani? Ni za binti yako. Wewe au baba yake mtasimama kwa niaba yake kama wawakilishi, kwa sababu mtoto hawezi kushtaki peke yake, lakini mwenye haki ni yeye. Ndiyo maana katika nchi nyingi makubaliano ya mtoto hayana nguvu mpaka hakimu ayaidhinishe, na fedha huwekwa chini ya ulinzi wa mahakama au mdhamini, zikitolewa kwa mahitaji yake. Wazazi wengine huliona hilo kama kutoaminiwa. Nakuomba ulione kama ngao yako: siku ndugu watakapokuja na shida zao, utakuwa na jibu ambalo si "nimekataa". Na kama aliyekuja nyumbani kwenu hakutaja kabisa idhini ya mahakama, muulize kwa nini.

Tafuteni wakili ambaye ameshafanya madai ya watoto wenye ulemavu, si wa ajali za kugongana bampa. Mkipatana kwa asilimia, iwe kwenye maandishi, na iseme wazi inakatwa kwenye nini. Wakili anayekata asilimia ileile kwenye fedha za miguu bandia na uangalizi wa miaka 60 anakula chakula cha mtoto, na mahakama nyingi zina uwezo wa kumzuia. Msimpe yeyote, wakili wala mtu wa bima, ripoti halisi za hospitali, mpeni nakala.

Wiki mbili walizowapa hazina nguvu ya kisheria. Haki ya mtoto haiishi kwa sababu ofa yao imeisha. Wajibuni kwa barua fupi, mbaki na nakala yenye tarehe na mhuri wa kupokelewa:

"Tumepokea ofa yenu. Mtoto bado yuko katika matibabu na hali yake haijatulia, hivyo hatuwezi kufunga madai yake kwa sasa. Tunaomba malipo ya awali kwa ajili ya gharama za hospitali na kiungo bandia, nakala ya hati ya bima ya gari husika, na maelezo ya maandishi ya namna mlivyofikia kiasi mlichotaja. Barua hii haiondoi haki yoyote ya mtoto."

Msiongeze neno jingine. Kisha mpelekeni apimwe ubongo kabla muhula haujaisha, wakati mwalimu wake wa sasa bado anamkumbuka vizuri.